Subira ya Seva ya Maabara

Jumatatu, 3 Juni

Tulipoteza majibu ya maabara ya siku nzima. Jumamosi ile, tarehe tisa Machi, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi kasorobo alasiri. Majibu mia mbili na kumi na mawili. Wagonjwa sitini na mmoja wakaitwa tena, wakachomwa sindano tena. Na mimi nikapoteza kiti cha kiongozi wa seva Jumatatu yake, kabla chai yangu haijapoa.

Naandika hivi ili nisije nikasahau nilipoanzia. Maana leo Mkuu wa idara ametuita wote, akatangaza: Kabati linapandishwa toleo tena. Jumamosi, tarehe ishirini na mbili.

Akaniambia niwaeleze wale wageni wawili wa idara. Nikaeleza kama ninavyoeleza siku zote. Kabati ni lile sanduku kubwa la diski. Seva zote kumi na tisa za hospitali zinaweka vitu vyake humo, kwa njia ya mtandao. Lina vichwa viwili. Ukilipandisha toleo, yaani ukiliwekea programu mpya, kichwa kimoja kinazimwa, kingine kinapokea mzigo, na katikati hapo kuna sekunde ambazo Kabati halimjibu mtu. Seva inaita — kimya. Inaita — kimya. Kila seva imewekewa muda wa kusubiri. Mimi huo muda nauita subira. Subira ikiisha kabla Kabati halijaamka, seva inaamini diski imekufa. Inajifunga, haiandiki tena.

Ndivyo ilivyofanya seva ya maabara mwezi wa tatu, Kabati lilipopandishwa toleo. Ilijifunga asubuhi, lakini kioo kikaendelea kuonyesha majibu kama kawaida — yalikuwa kichwani mwake tu, hayakuandikwa popote. Ilipowashwa upya, peupe!

Mkuu akauliza nani atapita seva zote aziongezee subira kabla ya siku yenyewe. Watu wakaangalia viatu vyao.

Najua kwa nini. Kibandiko. Kila seva hapa ina kibandiko usoni: jina la aliyeigusa mwisho na tarehe. Likitokea la kutokea, anaulizwa mwenye kibandiko. Haulizwi mwingine. Kwa hiyo watu wanazipita seva kama unavyompita mbwa aliyelala. Kuna moja haijaguswa miaka miwili!

Na mimi kibandiko ndicho kilichonimaliza. Jumamosi ile nilikuwa nyumbani, mikono imejaa povu la nguo. Nikaitwa. Nikaja, nikaiwasha seva ya maabara, nikabandika jina langu kama sheria inavyotaka. Jumatatu wakasoma kibandiko. Kwisha habari.

Nikanyoosha mkono.

Kiongozi wa sasa ni mdogo wake mume wangu. Shemeji yangu! Niliyemfundisha kazi mwenyewe, kwenye meza yangu ya chakula. Akatabasamu, akasema kwa sauti, kwa lile jina la utani walilonipa kwa kuhesabu sekunde: "Mama Sekunde karudi uwanjani." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka — kwa meno tu.

Jumanne, 4 Juni

Seva nne leo. Uhasibu, mapokezi, jikoni, stoo.

Nilikuwa nimesahau utamu wake. Unaingia ndani ya seva, unafuata njia mpaka kwenye ile namba, unaifuta, unaandika nyingine. Namba moja tu. Sekunde sitini zinakuwa mia na themanini. Hakuna anayekupigia makofi. Lakini nilikotoka mimi nakujua. Nilianza na bisibisi moja kwenye baraza la watu, natengeneza simu zilizoanguka chooni. Hakuna aliyenipeleka darasani. Nilijilipia kozi ya usiku, nikasoma na mtoto mgongoni, na mtihani nikapasi kuliko waliolala usingizi wao wote. Leo seva nne za hospitali zinasubiri kadiri nilivyoziambia mimi.

Vibandiko vinne vipya. Nimeandika jina langu kwa kalamu nene. Asome anayetaka.

Shemeji kapita mlangoni. "Shem, unabandika kama unagombea ubunge!"

Nikamwambia wapiga kura wangu wanasubiri, hawapigi kelele.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya aibu, lakini aibu nzuri.

Nimefika seva saba. Nikasema kabla ya kujisifu, nijaribu. Tuna seva moja ya akiba, haina kazi, imekaa kona. Nikaiongezea subira kama zile nyingine: mia na themanini. Nikachomoa waya wake wa kwenda Kabatini, nikashika simu nahesabu. Thelathini. Hamsini. Nikawa natabasamu peke yangu kama mjinga. Ilipofika sitini — ikajifunga! Sitini kamili, kama vile sijagusa kitu.

Nikakaa juu ya boksi. Nikafikiri. Halafu nikajipiga kofi la paja.

Namba mpya iko kwenye maandishi, lakini seva inaendelea kutembea na ile ya zamani iliyoamka nayo. Mpaka ilale, iamke, ndipo inasoma upya. Saba zote nilizozifanya ni bure. Jina langu kubwa usoni, subira ileile!

Nikaiwasha upya ile ya akiba. Nikachomoa tena. Sitini ikapita. Tisini ikapita. Mia na hamsini nikarudisha waya — ikaendelea kama haikutokea kitu. Nikapiga kelele ya furaha. Mlinzi wa ukumbini akaja kuchungulia, akaniuliza kama nimepigwa na umeme.

Hapana, kaka. Nimepata jibu.

Kwa hiyo kazi si kuandika namba. Kazi ni kuiwasha upya kila seva. Na kuiwasha upya ni kuomba ruhusa kwa kila idara, kila idara ina mkubwa wake, na kila mkubwa ana "leo hapana".

Ijumaa, 7 Juni

Ruhusa mbili. Mapokezi wamekubali saa ya chakula. Uhasibu wamenizungusha mpaka nikakaa mlangoni kwao na kitambaa changu, nikaanza kufuma. Wakakubali.

Jumapili, 9 Juni

Kwa mama mkwe. Wote tulikuwepo. Yeye na kitinda mimba wake, kama yai na kiota. "Kiongozi wa seva, karibu ukae." Kampa kiti chenye mto. Halafu akanigeukia, kwa upole kabisa: "Usihuzunike, mwanangu. Kiti hakijatoka nje ya familia."

Nikasema ni kweli, Mama. Nikaenda kuosha vyombo. Niliosha sufuria moja mpaka nikaona sura yangu.

Shemeji akanifuata na sahani mkononi. Nikamwambia hapohapo: nahitaji ruhusa ya seva yako ya maabara. Alipopewa kiti changu alibadilisha neno la siri la seva ile, siwezi kuingia wala kuona kitu bila yeye. Akasema: "Ile niachie mimi, shem. Nitaifanya mwenyewe."

Lini?

"Wiki hii. Usijali."

Anajua kucheka, huyu mtu. Ukimkasirikia unajiona wewe ndiye mbaya. Watoto wangu wanampenda kuliko wajomba zao. Machi, wakati nahangaika na ile seva tangu alasiri mpaka magharibi, ni yeye peke yake aliyeniletea soda na mkate, akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza. Sikusahau hilo.

Jumatano, 12 Juni

Kaja fundi wa kampuni inayouza Kabati. Bwana Tai, tunamwita, kwa sababu anafunga tai hata akitambaa chini ya sakafu kutafuta waya. Nampenda mtu yule. Hasemi "kama hivi", hasemi "labda". Unamuuliza namba, anakupa namba.

Nimemuuliza: safari hii Kabati litanyamaza kwa sekunde ngapi? Akasema toleo hili ni zito, tujiandae kwa tisini. Mia na themanini niliyoweka ni sawasawa, asibadilishe mtu.

Akanisifu kwa lile jaribio la kuchomoa waya. Akasema wateja wengi wanaandika namba, wanaenda kulala, halafu wanampigia simu analia nao. Nikavimba kichwa, sitaki kudanganya.

Akanieleza pia utaratibu. Siku yenyewe hatagusa kitu mpaka mtu wa kwetu amwambie kwa mdomo wake kwamba seva zote ziko tayari. Mkuu kaandika kuwa mtu huyo ni mimi. Bila neno langu, anafunga begi anaondoka, na kampuni haina nafasi nyingine mpaka baada ya miezi minne. Na Kabati limeshaanza kupoteza diski. Mbili ndani ya mwezi huu.

Nikamsindikiza. Mlangoni, kwa udadisi tu, nikamuuliza: mwezi wa tatu lilinyamaza sekunde ngapi? Kabati lenyewe linakumbuka. Akafungua kompyuta yake palepale amesimama, akaiegemeza kwenye goti.

Arobaini na saba.

Akaenda zake. Mimi nikabaki pale mlangoni na kitu kinanikwaruza. Sijui nini.

Alhamisi, 13 Juni

Najua nini!

Leo nimewasha upya seva ya famasia. Famasia na maabara ni pacha. Zilikuja ndani ya boksi zinazofanana, nikazifunga mimi siku moja, nikazipa subira moja. Kabla sijaifuta namba ya zamani ya famasia, nikaitazama. Sitini. Yangu mwenyewe, haijaguswa tangu siku ile.

Sitini, toa arobaini na saba. Kumi na tatu.

Machi, Kabati lilinyamaza arobaini na saba. Pacha wa famasia alisubiri, hakujifunga, hakupoteza hata kidonge kimoja. Alikuwa na sekunde kumi na tatu za akiba! Kama maabara nayo ilikuwa na sitini nilizoipa mimi, ingesubiri vilevile. Haikusubiri. Kwa hiyo haikuwa na sitini.

Mtu alipunguza.

Miezi mitatu nimetembea nikijua ni Kabati lililochelewa. Kila mtu alisema hivyo. "Kabati limechoka, na wewe hukuliangalia." Hakuna aliyetoa hesabu ya toa! Hata mimi. Mimi, Mama Sekunde!

Sina hasira. Niko kama mtu aliyeambiwa ndugu yake hakufa.

Jumatatu, 17 Juni

Nilienda maabara asubuhi kuomba nafasi ya kuzima. Anayesimamia pale ni mama mmoja mtu mzima, kofia ya nywele mpaka masikioni, tunamwita Mama Maabara. Yeye ndiye aliyewapigia simu wale wagonjwa sitini na mmoja, mmoja mmoja. Kuna mtoto alichomwa mara tatu kabla mshipa haujaonekana. Akaniambia hawezi kupitia tena. Akasema: "Safari hii mwanangu, ikitokea, mimi naacha funguo mezani naenda kulima."

Nikamwambia haitatokea.

Tukapiga soga. Nikamuuliza seva yake inamsumbua? Akasema siku hizi hapana, shukrani kwa shemeji yangu, Mungu ambariki. Zamani mtandao ukikatika kidogo kioo kinaganda, wanakodoa macho dakika nzima, vijana wanachoka wanakizima kwa kidole. Shemeji akaja mwezi wa kwanza, akasema subirini niwatengenezee. "Tangu siku ile, ikikwama, sijafika kumi kuhesabu imeshasema kosa. Tunajua moja!"

Kumi.

Nikamuuliza, taratibu kabisa, kama naulizia hali ya hewa: alishuka chumba cha seva?

"Ah wapi! Alikaa hapahapa kwenye kiti changu. Kanimalizia na karanga."

Basi. Alifanyia kitini, kwa mtandao. Hakushuka. Hakushuka, kwa hiyo hakubandika kibandiko. Akapunguza sitini kuwa kumi kwa nia njema — nakubali, kwa nia njema kabisa — watu wasigande. Usiku uleule umeme ukakatika, nakumbuka, mlinzi akaibonyezea kitufe ikaamka, na ile kumi ikashika. Halafu Machi Kabati likanyamaza arobaini na saba.

Na mimi nikaja na povu mikononi, nikabandika jina langu.

Nimekumbuka jambo. Ile Jumamosi nilisema kwa sauti, huku naangalia kioo: ajabu, hii nilidhani ina subira ya kutosha. Alikuwa amesimama nyuma yangu na soda. Akasema: "Kabati limechoka, shem."

Soda ile niliinywa yote.

Jumanne, 18 Juni

Nimeenda kwa Mkuu. Sikutaja Januari. Nimesema tu: seva ya maabara haijaongezewa subira, kiongozi hanipi ruhusa, Jumamosi inakaribia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema: "Nyie ni ndugu. Yamalizeni nyumbani."

Nimerudi nyumbani. Baba watoto ni fundi bomba, alikuwa amejilaza na mgongo wake. Nikamweleza — huyu nikamweleza yote, hesabu ya toa na karanga. Akajigeuza ubavu. Halafu akasema: "Ya kazini yaishe kazini, mke wangu. Yule ni mdogo wangu, na Mama ana presha."

Kazini wananirudisha nyumbani. Nyumbani wananirudisha kazini. Nimekuwa mzigo usio na mwenyewe, kila kituo kinanisukuma kingine!

Baadaye akaja jikoni, akasimama. Akauliza: "Kumi? Una hakika?" Nikamwambia sina hakika, sijaiona namba, neno la siri analo yeye. Lakini arobaini na saba haiwezi kuzidi sitini, hata ukiibembeleza.

Akatikisa kichwa. Akaosha kikombe kisichokuwa kichafu.

Alhamisi, 20 Juni

KUMI NA NANE!

Zote. Zimelala, zimeamka, zinajua mia na themanini. Hakuna idara hata moja iliyolalamika kwamba imepotezewa dakika. Kila moja niliiomba kwa mkubwa wake: kwa wengine kwa mzaha, kwa wengine kwa kukaa mlangoni na kufuma. Ile fulana ya mtoto imekwisha, ndiyo faida nyingine.

Na leo mchana tumefanya jaribio la hadharani. Mfamasia mkuu alikataa kuniamini kwa maneno. Akasema chomoa nione, lakini saa ambayo mimi nimesimama hapa na dirisha limefungwa. Nikachomoa. Chumba kimejaa watu, Mkuu mwenyewe pembeni, Bwana Tai kwenye simu anasikiliza. Kioo cha famasia kikaganda. Sekunde ishirini. Arobaini. Mfamasia akaanza kunitazama. Sitini — hapo ndipo moyo wangu ulipoenda likizo. Ikapita. Sabini. Tisini nikarudisha waya, na dawa ya mwisho aliyokuwa anaiandika ikajiandika yenyewe mpaka nukta.

Mfamasia akasema, "Loo!" Halafu wakapiga makofi. Makofi ya kweli, chumba cha seva, wapi na wapi! Bwana Tai kwenye simu akauliza kuna nini, kuna mtu kaoa?

Shemeji alikuwepo. Alipiga makofi na yeye. Halafu nikaona anaangalia nyuso za seva, ile safu ya vibandiko vyangu kumi na nane, kalamu nene, na mwisho wa safu seva ya maabara, kibandiko cha Machi kimeanza kunyanyuka pembe.

Tangu awe kiongozi, jina lake halijakaa kwenye seva hata moja. Nimehakikisha leo. Hata moja!

Ndipo nikamwelewa. Seva ile ni kongwe, ikiamka inakwama kwenye kioo cha kwanza mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono. Kuiwasha upya lazima ushuke. Ukishuka lazima ubandike. Ndiyo maana kila siku ni "nitaifanya". Anaogopa karatasi yenye jina lake. Anaogopa na mimi nisiingie, nisije nikaikuta ile kumi. Kwa hiyo imekaa vilevile, na keshokutwa Kabati litanyamaza sekunde tisini.

Ijumaa, 21 Juni

Saa tatu asubuhi. Mama Maabara kanipa nusu saa: saa tisa mpaka saa tisa na nusu. Watu wake wataandika majibu kwa mkono. Nje ya hapo hakuna, kuna foleni ya upasuaji wa Jumatatu.

Saa nne nimeingia ofisini kwa Shemeji. Ofisi yangu ya zamani. Rimoti ya kiyoyozi bado imefungwa kwa gundi niliyoifunga mimi. Nikafunga mlango.

Akaanza na mzaha, amesikia mfamasia anataka kunichumbia. Sikucheka. Ni mara ya kwanza tangu aje kuishi kwetu akiwa na begi moja na magoti yamechubuka.

Nikamuuliza: Januari, seva ya maabara, ulipunguza subira wewe?

Akasema mambo mengi. Kwamba Kabati ni bovu. Kwamba Machi kila mtu alichanganyikiwa. Kwamba watu wa maabara walikuwa wanateseka, na yeye aliwahurumia. Nikamwambia najua uliwahurumia. Sijakuuliza hivyo.

Akakaa. Akashika kichwa. "Shem, unataka niseme nini? Mama atanionaje?"

Sijamuuliza Mama. Nimekuuliza wewe.

Akasema angekuja kuniambia. Siku ileile alitaka kuniambia, alipoleta soda. Akaona jinsi nilivyokuwa nimekazana, akaona Mkuu kaingia, ulimi ukamganda. Jumatatu wakampa kiti. "Ningesemaje tena, nikiwa nimeshakaa?"

Kakubali au hakukubali? Ukisikiliza vizuri, hajatamka. Ni "ningesema" na "nilitaka" tupu. Sina mahali pa kuziweka hizo. Nataka neno moja.

Nikamweleza wazi. Kwamba akinipa neno la siri, saa tisa naiwasha upya, naweka mia na themanini, na Jumamosi namwambia Bwana Tai aendelee. Kwamba asiponipa, Bwana Tai atasikia kwangu hapana moja mbele ya Mkuu, na nitaeleza kwa nini, kuanzia Januari. Kwamba yale ya Januari lazima ayaseme mwenyewe kwa Mkuu, leo, mimi nikiwepo. Sitamsemea. Nimemsemea sana tangu akiwa na magoti yale.

Akauliza: "Na kiti?"

Kiti nakitaka. Sikumung'unya maneno. Nikamwambia nakitaka na kilikuwa changu, lakini hata wakikuachia wewe, jina langu ulitoe pale. Akasema nimpe muda. Nikamwambia muda ndiyo kazi yangu. Saa nane na nusu.

Sasa ni saa nane kasoro dakika tano. Nimekaa chumba cha seva juu ya boksi langu, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nimekwisha kukibandua kile kibandiko cha Machi. Kimeacha alama ya gundi. Nimeandika viwili vipya, viko gotini. Kimoja kina jina langu na tarehe ya leo: hicho ni cha kuiwasha upya, nitakibandika kwa mkono wangu na kwa furaha, na likitokea la kutokea waniulize. Kingine nimeandika "Januari" tu. Nafasi ya jina nimeiacha wazi. Aje aandike mwenyewe, kalamu ipo.

Baba watoto kanipigia. Kasema mdogo wake kampigia yeye kwanza, analia. Nikauliza umemwambia nini? "Nimemwambia yaishe kazini."

Sikutegemea.

Saa nane na dakika tano. Nimemwandikia kwa simu, asije akasema hakusikia vizuri: Ulipunguza wewe, ndiyo au hapana? Naiwasha saa tisa, ndiyo au hapana? Nisipopata majibu mawili saa nane na nusu, napanda kwa Mkuu.

Kasoma. Anaandika. Kaacha. Anaandika.

Saa nane na dakika kumi na tisa. Jibu limeingia: "Shem nakuomba sana tuongee Jumapili kwa Mama tukiwa wote."

Kumi na nane zinanguruma hapa kama kawaida, zina subira ya kutosha. Mimi yangu imebaki dakika kumi na moja. Nimemjibu:

Jumapili inakuja baada ya Jumamosi, shemeji. Ndiyo au hapana. Saa nane na nusu.